Uzoefu wangu na boti ya kukodi ya kuzamia meli ya mita 60: masharti yao na jinsi siku inavyoenda

Niseme mapema, hii ni kwa wale ambao tayari wana cheti cha mbizi za kina, zile za kuvuka mita 40 na kupanda kwa vituo, yaani unasimama njiani ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu, wengine someni tu mjue huko mbele kuna nini. Meli yenyewe ilizama, imelala ubavu kwenye mchanga wa mita 60 hivi, na boti inachukua wazamiaji kumi tu japo ukiiangalia unaona kabisa ishirini wangeenea. Mi hapo ndo nilianza kuwapenda hawa jamaa. Maana kila mtu anakuja na mitungi miwili ya mgongoni na mingine miwili ya ubavuni yenye gesi ya kuvuta wakati wa kupanda, kwa hiyo watu kumi ni mitungi arobaini, na mtungi uliolegea kwenye boti inayoyumba unavunja mguu wa mtu. Waliokaa hapo wakafikiria nafasi ya mitungi kabla ya kufikiria pesa ya tiketi, hao wanajua wanachofanya.

Kubuku si kulipa tu halafu unaenda. Wanataka cheti, wanataka kuona rekodi ya mbizi zako za karibuni za kina hicho na sio za miaka mitano nyuma, bima inayolipia matibabu ya chemba ya presha (chumba cha kumtibu mzamiaji aliyeumia kwa kupanda vibaya), na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Halafu wanakuuliza gesi utakayotumia, na hapa hawana mjadala, hewa ya kawaida hairuhusiwi kabisa. Sababu ni hii: mita 60 presha ni bari 7, wakati juu ya maji ni bari 1, ukiwa na hewa ya kawaida presha ya oksijeni peke yake inafika karibu bari 1.5 wakati kikomo ambacho wengi tunafuata tukiwa chini ni 1.4, na naitrojeni nayo inakulewesha mpaka unasoma geji mara tatu na bado hujaelewa imeandikwa nini. Kwa hiyo wote tulikuwa na trimiksi, mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni, mimi nilitumia 18/45, yaani oksijeni asilimia 18 na heliamu 45, na kichwa kinabaki kama mtu yuko kwenye kina cha mita 30 tu. Heliamu ni ghali kila mtu analijua hilo, lakini kwa kina kile ni bora usiende kuliko kuibania.

Asubuhi ukifika gatini kila mtungi unapimwa mbele ya baharia wao, unapima mwenyewe huku yeye anaangalia, halafu unabandika lebo yenye mchanganyiko, kina cha mwisho kwa mita kwa tarakimu kubwa, tarehe na sahihi. Kuna mwenzetu alikuja na mtungi wa oksijeni hauna lebo, akasema mbona kaupima jana dukani, nahodha akamwambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, nakuamini, ila mtungi usio na lebo haupandi humu," wakaupima upya pale pale na safari ikasubiri dakika chache. Wengine walinuna. Mi sikununa hata kidogo, kwa sababu oksijeni tupu ni ya kina kisichozidi mita 6, mtu akikosea kidomo cha kupumulia akaivuta kule chini anapata degedege ndani ya maji na hapo hakuna cha kumfanyia, anazama na mwenzake anatazama. Lebo kubwa inayosomeka na mtu mwingine ndo kinga yenyewe.

Kuhusu muda wa kuondoka, wanafuata maji, hawafuati saa yako. Safari zao zote wanazipanga wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana na mkondo ni mdogo, kipindi cha bamvua maji yanapokimbia sana hawaendi kabisa, na hata kwenye maji mafu wanalenga ule muda mfupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Ukichelewa gatini umeachwa na pesa hairudi, imeandikwa wazi kwenye fomu. Ila wakiahirisha wao kwa upepo unahamishiwa tarehe nyingine bila kulipa tena, hilo niliwauliza kabla na wakanijibu kwa maandishi.

Sasa mpangilio wa kushuka. Wanaangusha uzito wenye kamba na boya juu ya meli, halafu jozi ya kwanza inashuka kuifunga, ikishafunga inaachia vikombe viwili vyepesi vya plastiki vinaelea mpaka juu, baharia akiviona ndo jozi nyingine zinaruhusiwa, mbili mbili zikipishana dakika chache. Boti yenyewe haijifungi kwenye meli. Nilimuuliza nahodha kwanini, maana nimeshapanda boti zinazotia nanga moja kwa moja kwenye mabaki na wazamiaji wanapanda na kamba ya nanga, akasema boti iliyofungwa haiwezi kumfuata mtu aliyepotea kamba, na ukikata kamba uende, wale walioko kwenye kamba unawaacha. Nililiwaza sana hilo jibu. Kwangu mimi boti ya mbizi za kina naipima hapo tu, mtu akitokea juu mbali na kamba kunatokea nini na nani atakuwa amejua kwamba hayupo.

Na ndo maana mfumo wao wa kuhesabu watu nauongelea kuliko kitu kingine. Chini kwenye kamba, mita 20 hivi, kuna kamba ya pili ya kuvukia inayoenda kwenye kituo cha kupumzikia, ambacho ni vyuma vinavyoning'inia kwa maboya kwenye mita 12, 9 na 6 na mitungi ya akiba ya oksijeni imefungwa hapo. Kila mtu akishuka anabana kibati chenye namba yake pale kamba zinapokutana, akirudi anakichukua. Wa mwisho akikuta hakuna kibati kilichobaki anajua wote wamepanda, anafungua kituo na wote mnaelea na mkondo pamoja, hamna kushikilia kamba kama bendera kwenye upepo huku maji yameanza kukimbia. Kama kuna kibati kimebaki basi kila mtu anajua nani bado yuko chini, na hakuna anayefungua mpaka ufike muda waliokubaliana. Juu kuna ubao wenye namba hizo hizo, na mkisharudi botini nahodha anaita majina mmoja mmoja, unajibu kwa sauti yako na anakuona kwa macho, mtu hajibiliwi na mwenzake hata kama ni mke wake yuko chooni. Watu wanaona ni ushuleshule. Mwaka 1998 kule Great Barrier Reef Australia, wanandoa wa Kimarekani, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa baharini kwa sababu hesabu ya watu ilikosewa, na ikapita siku mbili kabla watu hawajashtuka kwamba hawapo. Hawakupatikana mpaka leo. Sasa ukilijua hilo, kuitwa jina mara mbili kunakuudhi nini?

Ukipoteza kamba, sharti ni urushe boya lako kabla hujaondoka kwenye meli au mapema unavyoweza ukiwa unapanda, boya jekundu maana yake niko salama napanda kwa vituo, la njano maana yake nina shida naomba gesi, na baharia anashuka na mtungi. Hizi rangi si za dunia nzima, kila boti uliza yao. Muda wa mbizi ni dakika 90 kwa wote, haijalishi umekuja na ribreda, kifaa kinachosafisha pumzi yako uivute tena, inayoweza kukaa saa nne, na ikifika dakika 100 hujaonekana wala boya lako halijaonekana, nahodha anaita msaada redioni chaneli 16 bila kungoja. Mimi dakika 25 chini zilinitosha, kupanda kukachukua karibu saa nzima kwa gesi yenye oksijeni asilimia 50 kuanzia mita 21 halafu oksijeni mita 6.

Meli yenyewe ni nzuri sana, sitaieleza hapa. Kuingia ndani wanaruhusu tu kama umeandika kabla nani anaingia na nani anangoja nje na rili (gurudumu la kamba ya kukuongoza kutoka), na kuchukua kitu ni marufuku hata sahani iliyovunjika. Naunga mkono asilimia mia. Andrea Doria, ile ya Italia iliyozama mwaka 1956 karibu na Nantucket baada ya kugongana na Stockholm, iko mita 75 hivi, wazamiaji zaidi ya kumi wamefia pale, na vyombo vya mezani vya ile meli vilikuwa vinawavuta watu ndani kuliko ilivyopaswa.

Mapungufu yapo. Fomu yao haisemi kwamba vifaa viwe kwenye mfuko laini na sio sanduku gumu, niliambiwa gatini nikahangaika. Choo kimoja kwa watu wote, na mahali pakavu pa kuweka nguo ni padogo mno, watu wanabanana upande wa tezi wakati wa kuvaa. Na maelezo ya asubuhi nahodha anayatoa haraka sana injini ikiwa inanguruma, nyuma hatukusikia vizuri ikabidi tuombe arudie, alirudia bila kinyongo ila angezima injini tu. Upande mwingine lifti ya nyuma ya kukupandisha na mitungi yako yote ni raha tupu, ngazi na uzito ule kwenye mawimbi ni shida kwa kila mtu.

Kitu kimoja muulize nahodha yeyote kabla hujalipa: oksijeni ya huduma ya kwanza iliyomo botini inamtosha mgonjwa mmoja au wawili mpaka mfike chemba iliyo karibu? Huyu alinifungulia kabati akanionyesha mitungi na akanitajia jina la hospitali na muda wa kufika. Wa boti nyingine niliyowahi kumuuliza alinijibu "ipo ipo", sikwenda naye.

Mbizi ni moja tu kwa siku, na kuruka ndege wanasema ungoje angalau saa 24, kwa hiyo panga tiketi yako mapema. Na kubuku ubuku mapema pia, maji mafu yanakuja mara mbili tu kwa mwezi na upepo nao una siku zake, nafasi kumi zinaisha haraka.