PARSEC kwa mtafiti wa vichakataji: nzuri, ila kagua nyuzi kabla ya kuchora grafu

PARSEC ni mkusanyiko wa programu 13 za kupimia vichakataji vyenye viini vingi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Princeton pamoja na Intel. Bado tunaupendekeza, kwa sababu kazi zake ni za aina nyingi: kubana data, kutafuta picha, kukokotoa bei za mikataba ya fedha. Tatizo ni matokeo mabovu yanayopatikana bila programu kulalamika hata kidogo.

Mfano mbaya kuliko yote ni swaptions, programu ya kukokotoa bei za mikataba ya fedha. Ingizo la simlarge, moja ya seti za data zinazokuja na PARSEC, lina mikataba 64. Ukiweka nyuzi 32 (nyuzi ni mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja), kila uzi unapata mikataba 2, kazi imekwisha. Sasa weka 48. Msimbo unagawa 64 kwa 48, unapata 1, kisha masalio yote unamtwika uzi wa mwisho. Nyuzi 47 zinafanya mkataba mmoja mmoja, wa mwisho unabaki na 17 peke yake. Kasi haiwezi kuzidi mara 3.8 ya uzi mmoja, hata kumbukumbu ingekuwa na kasi ya ajabu. Mtafiti asiyejua hilo ataulaumu mtandao wa ndani wa chipu, na makala nzima itasimama juu ya kosa la kugawanya. Tumia idadi inayogawa 64 bila masalio.

Alama ya -n, inayotaja idadi ya nyuzi unapoendesha programu, nayo ni kima cha chini tu. ferret, programu ya kutafuta picha, ina hatua nne za katikati, na kila moja huanzisha nyuzi n. Dedup, ya kubana data, ina tatu. Ukiandika -n 16, ferret inakuwa na nyuzi zaidi ya 64 zinazogombania viini vyako 16. fluidanimate yenyewe inataka 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo, 12 inaikataa.

Kabla ya kupima, jenga hivi:

parsecmgmt -a build -p swaptions -c gcc-hooks

Hapo simuleta, yaani programu inayoiga kichakataji, itaweza kujua sehemu ya sambamba, ile inayoendeshwa na nyuzi nyingi, inaanzia na kuishia wapi. Bila hivyo, usomaji wa faili, unaofanywa na uzi mmoja, unaingia kwenye hesabu.

Tena, linganisha muda, si idadi ya maagizo kwa kila mzunguko wa saa. Uzi unaosubiri kufuli (zamu yake ya kutumia data inayoshirikiwa) kwa kuzungukazunguka unatekeleza maagizo mengi, na namba inapanda wakati kazi imesimama.

blackscholes hurudia hesabu zile zile mara 100. Kwa hiyo usiitumie kuhukumu kumbukumbu.