Mwalimu wa mbwa anayekuja nyumbani: nimemtumia wiki sita, haya ndo maoni yangu

Wadau wenye mbwa zaidi ya mmoja hii inawahusu. Mimi nakaa Dar huku Goba, nina Simba, dume la miaka sita, baba German Shepherd mama hajulikani, na Chausiku, jike la kienyeji ambaye hakununuliwa na mtu, alijileta mwenyewe getini usiku wa mvua akagoma kuondoka. Wawili hawa walikuwa wanaelewana fresh tu mpaka nilipoleta Karanga, kadogo ka miezi minne, nikamshusha kwenye gari nikamwachia palepale getini nikajua watamalizana wenyewe. Chausiku alimchana sikio hata mlango wa gari sijafunga.

Mtu wa kwanza niliyemwita (namsitiri) kila sentensi yake ilikuwa na neno alfa, yaani kiongozi anayewatawala wenzie. Akatufundisha tumlaze Chausiku chali tumbane hapo mpaka atulie eti ajue nani mkubwa humu ndani. Alitulia kweli, ila wiki nzima nikimsogelea anakojoa, na siku ya tatu mdogo wangu alipotaka kumlaza tena alikoswakoswa mkono. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata yule mtafiti wa Marekani, David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 ndo kilisaidia kulisambaza hilo neno, 1999 aliandika mwenyewe kwamba mbwamwitu wakiwa porini (wale wa nchi za baridi, sio hawa wetu wa Selous) wanaishi kama familia tu, baba mama na watoto, habari za kupigania ukubwa zilitokana na mbwamwitu wasiojuana waliofungiwa pamoja. Yaani sisi tulikuwa tunamkaba mbwa kwa nadharia ambayo mwenyewe ameshaikana.

Sasa huyu wa pili namba yake nilipewa na daktari aliyemshona Karanga. Siku ya kwanza hakugusa mbwa hata mmoja. Kaulizia kadi za chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, akaomba kiti cha plastiki, akakaa uani na kikombe cha chai saa nzima anaangalia tu, wife ananikonyeza, elfu 50 ndo hii? Halafu akauliza wanagombania wapi. Tukajibu kila mahali. Akasema hapana, nimeona wamekakamaa mara tatu na zote ni sehemu moja, ule ujia kati ya mlango wa jiko na simtank, pale dada anapomwaga ukoko. Mmoja akiingia mwenzie yuko nyuma, hakuna wa kupisha. "Hapo hata nyie mngegombana." Tumekaa kwenye hii nyumba miaka minne hakuna aliyeliona.

Kuanzia siku hiyo ukoko ukahama, kila mbwa na bakuli lake kona yake, wakimaliza mabakuli yanaondoka. Alfajiri tunawatoa wote, kila mbwa na mtu wake, Chausiku upande huu wa barabara na Karanga ule, hawatazamani uso kwa uso, wanatembea tu kuelekea mbele, kila siku tunapunguza nafasi kidogo. Siku ya tisa walikuwa bega kwa bega wananusa nguzo moja ya umeme. Akatufundisha pia kusoma mwili, mbwa akipiga mwayo na kugeuza kichwa pembeni sio usingizi, anamwambia mwenzie sitaki shari, na kifua kikishuka chini makalio yakabaki juu huo ni mwaliko wa kucheza, acha, usiingilie.

Kitu kingine ambacho nisingekifikiria, kila mbwa apate dakika kumi na mimi peke yake kila siku. Karanga alikuwa ameshamganda Simba, nikimwita anamwangalia Simba kwanza kama anaomba ruhusa. Akanieleza habari ya Wajapani waliopima mwaka 2015 wakakuta mbwa na mwenye mbwa wakiangaliana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini, ileile ya mama na mtoto, inapanda kwa wote wawili. Mimi sipimi homoni ila sasa hivi nikimwita anakuja.

Ila kilichonichekesha ni dada wa kazi. Yeye ni swala tano, mate ya mbwa hataki kabisa, chakula anakisukuma kwa fimbo ya fagio huku anawagombeza. Alipoenda likizo Tanga Chausiku kasusa kula siku mbili, kalala kwenye mlango wa chumba chake. Mimi ndo nanunua dagaa na dona, mimi ndo nalipa chanjo, anayependwa ni dada! Mwalimu akasema mbwa anamshika anayemzoea kwa ratiba, dada ana saa zake na sauti yake ni ileile kila siku, wewe leo unacheza nae kesho unapita kama hujamwona. Iliniuma kidogo lakini ukweli.

Mapungufu yapo. Anachelewa, ukiambiwa saa tatu weka saa nne na nusu. Maelezo anatuma kwa voice note za dakika saba WhatsApp, ukitaka kukumbuka kitu usikilize yote upya. Na hajamaliza kila kitu, mpaka leo Karanga akisogelea mlango wa dada Chausiku ananguruma, mwenyewe akanambia hilo litachukua miezi na pengine halitaisha, mkiweza kuishi nalo ishini nalo. Heri huyo aliyesema ukweli.

Ziara nne laki mbili. Namba nampa mtu akini-DM. Nyota nne kati ya tano, ya tano nimeikata kwa ile elfu 15 ya bodaboda aliyoiongeza kila ziara bila kusema mapema.