Chui wangu wa Morogoro Stores

Nilikwenda Oysterbay, Dar es Salaam, kutafuta zawadi ya harusi ya mdogo wangu, nikarudi na picha mbili. Duka ni la ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa picha za wanyama, pale Morogoro Stores ambako Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, aliuza kazi zake. Mwanangu alishangaa kutoona trekta hata moja. Ilibidi nimweleze kwamba hilo ni jina la mtu.

Harufu ya rangi ya mafuta inakupokea kabla hujafika vibandani. Mzee mmoja alikuwa akimtia chui madoa. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua brashi. Nikachuchumaa kutazama. Anagusa rangi nyeusi, anazungusha mkono kidogo, anaacha unjano katikati, anahamia doa jingine. Hana penseli wala rula. Rangi ya nyuma ilipakwa mapema ikaachwa ikauke, ndiyo maana weusi hauchuruziki.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar kuhangaika na vibarua. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia alichokimudu: vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu! Vijana aliowafundisha, kina January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, ndio walioshika brashi baada yake, na nao wakafundisha wengine.

Siku hizi ukutani utaona zaidi twiga wamejazana chini ya Kilimanjaro. Zinapendeza, lakini mimi nakushauri uulizie za mtindo wa zamani: mnyama mmoja, nyuma rangi moja, basi. Humo hakuna pa kujificha. Mgongo ukikosewa, picha nzima imekufa. Yule chui alinigeuzia uso, macho mawili ya duara, mkia umepinda hadi ukingoni mwa turubai. Nikajua simwachi.

Tulianzia Sh 150,000, tukapatana 110,000. Mzee akaniandikia jina lake pembeni mbele ya macho yangu. Hilo kwangu ni kubwa, kwa sababu niliwahi kununua picha kwenye duka moja la zawadi mjini, muuzaji akashindwa kuniambia nani kaichora. Hapa nilimuuliza mzee alijifunza kwa nani, akasema kwa mjomba wake, akaanza kunisimulia ukoo mzima.

Nenda asubuhi, wakiwa kazini. Kama picha ni mpya, igusishe kidole pembeni kwanza. Ikinata, iache ikauke, urudi kesho yake. Ya safari waambie waitoe kwenye fremu, waiviringishe upande wa rangi ukiwa nje. Ya mdogo wangu ilisafiri hivyo hadi Mwanza kwa basi, ikafika bila ufa.