Karakana ya Injini za Boti Kirumba Mwaloni: Kazi ya Wanagenzi Niliyoilipia

Kwa sisi wenye mitumbwi ya dagaa, siku za mbalamwezi ndizo siku za fundi. Dagaa hufuata taa gizani, na mwezi unapokuwa mpevu taa zetu hazifui dafu, hivyo vyombo hupandishwa ufukweni na kila mwenye injini inayosumbua huikimbiza karakana wakati uleule. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiacha injini yangu kwa fundi mmoja wa hapa Kirumba, jijini Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, nikaifuata baada ya siku nane au tisa, pengine giza likiwa limeshaanza na wenzangu wakiwa majini. Fundi alikuwa hodari, lakini alikuwa mmoja.

Mwezi uliopita nilirudi kwake na injini ya nguvu farasi 40 iliyokuwa ikichemka, nikaikuta karakana, ambayo hadi leo haina bango, ikiwa na vijana watano wanaojifunza kazi. Nakiri kwamba moyo ulisita. Injini ya boti ni mtaji, na wengi wetu tumewahi kuharibiwa chombo na mtu anayejifunzia juu ya mali ya mwenzake.

Kijana niliyepangiwa alikuwa na miezi kumi na minne kazini. Kabla ya kushika spana aliniuliza injini ilianza lini kuchemka, tunaegesha wapi, na kama maji ya kupoza yalikuwa bado yakichuruzika kwenye kitundu chake, kisha akayaandika majibu yangu daftarini kama nilivyoyasema. Alifungua mguu wa injini, akawa anapanga bolti kwenye kipande cha dumu lililokatwa kwa mpangilio aliozitoa, hadi akaufikia mpira wa pampu ya maji. Aliuweka kiganjani mwangu. Mapanga yake yalikuwa yamelika kwenye ncha na mawili yamepasuka shinani.

“Mama, huu haujaisha kwa uzee,” alisema. “Umeliwa na mchanga. Waambie vijana wako wazime injini kabla ya kufika kina kifupi, wamalizie kwa kasia.”

Kwa ushauri huo pekee ningelipa, kwa sababu katika miaka yote niliyobadilishiwa mpira huo hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini unakwisha haraka. Fundi mkuu hakusimama juu ya kijana muda wote. Alikuja mwishoni, injini ikiwa imeshafungwa na kutumbukizwa kwenye pipa la maji, akaiwasha mwenyewe, akatazama maji yanavyotoka, akasikiliza, kisha akatia saini daftarini. Niliondoka siku ya pili. Ufundi nilitozwa shilingi 35,000, kipuri nilinunua mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi biashara hii ilivyokua. Kijana wa miezi ya kwanza husafisha plagi na chujio la mafuta, na hapandishwi kwenye pampu wala gia mpaka kazi zake za chini ziwe zimepita kwenye pipa bila marekebisho; kichwa cha injini hafungui mtu bila fundi kuwapo. Kazi ndogo ndizo nyingi zaidi katika siku za mbalamwezi, na ndizo zilizokuwa zikimfunga fundi asiguse zile kubwa zenye malipo mazuri. Sasa mikono yake imefunguka. Fundi amemkabidhi mwanagenzi wake wa kwanza meza ya pili kule Igombe, kwa hiyo wavuvi wa huko hawalazimiki tena kupakia injini kwenye bajaji kuileta mjini.

Si kwamba kila kitu ni shwari. Niliporudi na injini yangu ya pili, ndogo, nilirudishiwa ikiwa na klipu ya mpira wa mafuta isiyokazwa sawasawa. Ikawa inavuta hewa, ikazimika tukiwa tumeshaiacha pwani mbali, na usiku ule tulirudi kwa makasia bila hata ndoo moja ya dagaa. Asubuhi nilimfuata fundi nikiwa nimefura. Alifungua daftari mbele yangu: jina la kijana lilikuwapo, saini yake mwenyewe haikuwapo. Hakumtupia kijana lawama. Alinirudishia fedha ya ufundi, akakaza klipu, na injini ikapita kwenye pipa nikiitazama. Usiku wangu wa uvuvi, hata hivyo, haukulipwa na mtu, na kwa hilo nampunguzia alama.

Jambo la pili lisilonipendeza ni kwamba makubaliano yake na vijana ni ya mdomo tu: chakula cha mchana, nauli, na fungu la malipo kwa kila kazi anayoweza kuifanya peke yake. Nilimshauri ayaandike, na awapeleke wale waliokomaa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kuna utaratibu wa kupima kwa vitendo na kutoa cheti kwa ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Alicheka, akasema akishawapa vyeti watamkimbia. Nikamkumbusha kwamba yule wa Igombe hakukimbia, na ndiye anayemletea mapato ya kila wiki. Karakana ya ukubwa huu, yenye watu wasiofika 10, haitozwi tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na bado ndiyo inayowafunza vijana wa mtaa wetu. Angalau jina lao liwe kwenye karatasi.

Kwa anayetaka kwenda: fika asubuhi mapema, siku mbili au tatu kabla mwezi haujawa mpevu, maana baada ya hapo foleni huanzia nje. Eleza tatizo mwenyewe, usimtume dereva wa bodaboda. Na kabla ya kuipakia injini yako, omba kuona saini.