Hundi za Trump: kosa dogo au kosa kubwa?

Sheria ya New York ina ngazi mbili za kughushi kumbukumbu za biashara. Ya chini ni kosa dogo, na muda wa kulishtaki kwa kawaida ni miaka 2. Hundi alizolipwa Michael Cohen, wakili wa Trump, ni za 2017, mashtaka dhidi ya Trump ni ya 2023. Piga hesabu mwenyewe. Ya juu hufika kifungo cha miaka 4, ila lazima ithibitike kwamba uongo ule ulikusudiwa kutenda au kuficha kosa jingine.

Mwendesha mashtaka Alvin Bragg alishika ya juu. Kila mwezi ankara ya Cohen ya dola 35,000 inaingia, leja inaandikwa gharama za kisheria, hundi inatoka. Kumbe ndani ya jumla ya malipo hayo zimo dola 130,000 ambazo Cohen alimlipa Stormy Daniels, nyota wa filamu za ngono, anyamaze kuhusu madai yake kwamba alilala na Trump, kabla ya uchaguzi wa 2016. Hapo utetezi ("wakili kalipwa, tatizo nini?") naona ulipwaya.

Penye uzito ni kwingine: hilo kosa jingine, yaani njama ya kuathiri uchaguzi kwa njia haramu, halikushtakiwa peke yake, na wazee wa baraza hawakulazimika kuafikiana ni njia ipi haramu iliyotumika. Mei 2024 walimtia hatiani kwa makosa yote 34. Januari 2025 hakufungwa wala kutozwa faini.