Diski ya pili ndani ya kompyuta ya mezani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni mtumba wa maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, lakini zinakuja na nafasi finyu. Utakuta hadi diski (ile yenye sahani inayozunguka) ya GB 500 iliyochoka, au SSD (diski ya chipu tupu) ya GB 256 ambayo muuzaji ameiweka ili Windows iwake haraka mteja akiwa anaangalia. Miezi michache ya picha, muvi na video za harusi ya binamu, mstari wa diski C umeshakuwa mwekundu.

Wengi hukimbilia diski ya nje ya USB. Kama kompyuta yako haitoki mezani, mimi naona weka ndani. Hakuna waya wa kukwaa, hakuna mtoto wa kuiangusha, na hakuna mgeni wa kuiazima "mara moja tu". Nimezipanga hapa aina tano kuanzia ile ninayoiona inawafaa watu wengi. Ila usitoe hela kabla hujafungua kasha.

Angalia ndani kwanza

Unatafuta vitu vitatu: mahali pa diski kukaa, tundu la SATA (pale diski inapounganishwa) lililo wazi kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, na waya wa umeme.

Kasha kubwa la kusimama halina shida, kwa kawaida lina nafasi mbili au zaidi za diski ya inchi 3.5. Kasha jembamba, lile linalolazwa chini ya monita, mara nyingi lina nafasi moja tu ya inchi 3.5, nayo imeshachukuliwa. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa diski kubwa na kufunga ndogo mbili za inchi 2.5 kwa bano lake. Ya pili ni kutoa kisomeo cha DVD na kuweka kimoja cha vile vibebeo vya diski vinavyoingia palepale. Pima unene kabla ya kununua kibebeo, kuna cha milimita 9.5 na cha 12.7, na kimoja hakiingii mahali pa mwenzake. Kompyuta zile ndogo sana, saizi ya kitabu, zisahau kabisa kwa diski ya inchi 3.5.

Matundu ya SATA yahesabu, kisha soma maandishi yaliyo kando yake. Kwenye OptiPlex 7010, mashine ya 2012 ambayo bado imejaa sokoni, matundu hayana kasi sawa: mengine ni gigabiti 6 kwa sekunde, mengine 3. Kwa hadi diski haina neno, kwa sababu haifikii hata nusu ya 6. SSD ndiyo ipewe tundu la kasi.

Umeme ndio unaowanasa watu. Kwenye HP EliteDesk 800 G1 au OptiPlex 9020, pawasaplai (kile kiboksi cha umeme) haina waya za SATA kabisa. Umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi kupitia waya maalumu wa kampuni, na waya huo ukipotea, kuupata ni shughuli. Ukinunua mashine ya namna hii hakikisha waya wake umo. Kama kichwa cha pili hakipo, nunua kigawanyishi cha SATA kwenda SATA mbili. Zile adapta za bei chee zinazogeuza plagi ya Molex (ile ya zamani ya pini nne) kuwa SATA ziangalie vizuri. Zilizomiminiwa plastiki juu ya nyaya zina sifa mbaya ya kupiga shoti na kuungua, kwa kuwa nyaya zinaweza kusogeleana ndani na wewe huoni. Chagua ambayo kila waya umebanwa kwenye pini yake.

Kuhusu nguvu usiogope sana. Hadi diski ya inchi 3.5 huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, yaani takriban wati 24 kwa sekunde chache, kisha inatulia chini ya wati 10. Pawasaplai ya wati 240 inaibeba, ili mradi hujaongeza kadi kubwa ya gemu.

1. SSD ya SATA, inchi 2.5, TB 1

Hii ndiyo namba moja, hasa kama Windows yako bado inakaa kwenye hadi diski. Inaingia karibu kila kasha, haina kelele, haivuti umeme wa maana, na hata ukiibandika kwa gundi ya pande mbili haidhuriki, kwa sababu hakuna kinachozunguka ndani. Kasi yake ni kama megabaiti 500 hadi 550 kwa sekunde. Hadi diski nzuri inacheza kwenye 150 hadi 200. Folda ya GB 200 inahamia kwenye SSD kwa takriban dakika 7, na kwenye hadi diski ya megabaiti 150 kwa dakika 22.

Si SSD zote ni sawa. Samsung 870 EVO na Crucial MX500 zina seli za TLC (biti tatu kwa kila seli) na kumbukumbu yake ya ndani, ndiyo maana hazipungui kasi kirahisi ukiandika mafaili makubwa. Kingston A400 na Crucial BX500 ni za bei nafuu, hazina kumbukumbu hiyo, na kwa Windows na kazi za ofisi zinatosha kabisa. Samsung 870 QVO inavutia kwa ukubwa, ila ina seli za QLC (biti nne kwa seli, huchoka mapema zaidi): ya TB 1 imewekewa dhamana ya kuandikwa TB 360, wakati EVO ya ukubwa huohuo ni TB 600. Mtu wa kawaida hafiki huko, lakini mhariri wa video anaweza.

SSD yenye jina usilowahi kulisikia, TB 2 kwa bei ya GB 500, iache hapohapo. Ukiwa umeshainunua, ijaze yote kwa programu ya H2testw uone kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli.

2. Hadi diski mpya ya kamera au ya NAS, TB 2 hadi 4

Kwa mwenye studio ya picha, mpiga video, au yeyote anayekusanya mafaili asiyoyafuta, hii inapanda kuwa namba moja. SSD ya TB 4 bado ni hela nyingi.

Kitu ambacho wauzaji wa kompyuta hawakitaji ni kwamba diski nzuri za kuhifadhia zimo kwenye duka la jirani linalouza kamera za CCTV. WD Purple na Seagate SkyHawk zimetengenezwa kwa DVR, ile mashine ya kurekodi kamera, inayoandika saa 24, zina dhamana ya miaka 3, na kwa kuwa kila duka sasa linafunga kamera, zinapatikana hadi mikoani. Ndani ya kompyuta zinafanya kazi kama diski nyingine yoyote. Hazina haraka ya kufungua vifaili vidogo maelfu, kwa hiyo usiweke Windows humo. Muvi, picha na miradi iliyokwisha ndiyo mahali pake. Seagate IronWolf na WD Red Plus, zilizotengenezwa kwa NAS (kiboksi cha diski cha kwenye mtandao), ni bora zaidi kidogo, ila bei ni ya juu na kuzipata ni bahati.

Sababu ya kuzipandisha juu ya diski za kawaida ni namna zinavyoandika. Diski za CMR, ambazo ndizo nyingi kati ya hizi, zina njia za data zilizotenganishwa. Za SMR njia zinalaliana kama makuti ya paa, na ukitaka kubadilisha safu moja inabidi uguse zinazoilalia. Kwa kusoma huoni tofauti. Kwa kuandika mfululizo, diski ya SMR ikishajaza sehemu yake ya akiba inaweza kushuka hadi makumi ya megabaiti kwa sekunde. Ile folda ya GB 200 kwa megabaiti 30 itakula karibu saa mbili. Mwaka 2020 Western Digital ilibanwa sana baada ya kugundulika kuwa baadhi ya WD Red zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa, na jina la Red Plus likaja ili kuzitenga zile za CMR.

3. NVMe kwenye adapta ya PCIe

NVMe ni SSD ya kasi zaidi, bapa kama kijiti, inayopita kwenye PCIe (njia ya kadi za kuongeza) badala ya SATA. Kama mazabodi ina nafasi ya M.2, tundu la kijiti hicho, ruka moja kwa moja huku. Kama haina, adapta ya PCIe ni ya bei ndogo na inafanya kazi hata kwenye mashine za zamani. PCIe 2.0 yenye njia 4 ina kikomo cha megabaiti 2,000 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya SATA.

Kasoro yake ni kuwasha. Mashine za kabla ya 2015 hivi nyingi haziwezi kuwashia Windows kutoka kwenye NVMe, hivyo itabaki diski ya data. Tena usichanganye M.2 ya NVMe na M.2 ya SATA. Zinafanana sura, na ya SATA haitaonekana kabisa kwenye adapta hizi.

4. Hadi diski ya kawaida ya mezani

Seagate BarraCuda, WD Blue, Toshiba P300. BarraCuda ya TB 1 (ST1000DM010) ni CMR na haina tatizo. Ya TB 2 (ST2000DM008) na ya TB 4 (ST4000DM004) ni SMR. Kwa muvi unazoweka na kuangalia, sawa. Kwa kuhariri, hapana. Soma namba ya modeli kwenye lebo, sio rangi ya boksi.

5. Diski zilizotumika

Nimeziweka mwisho, na kama ingekuwa hiari yangu zisingekuwa kwenye orodha. Hadi diski nyingi za bei chee zimeng'olewa kwenye DVR au seva. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizofanya kazi, na mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo ni saa 8,760, kwa hiyo 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski, ikiwa na namba zaidi ya sifuri, rudisha. Na saa sifuri zisikupe imani: Januari 2025 iliripotiwa Ujerumani kuwa diski za Seagate zilizokwishatumika zimeuzwa kama mpya baada ya kumbukumbu za saa hizo kufutwa.

Jihadhari pia na diski za SAS, aina nyingine ya plagi, za seva. Kwa mbali ni SATA tupu, ila katikati ya plagi yake pamezibwa, hapana ule mwanya wa plagi ya SATA. Haziingii kwenye kompyuta yako kwa waya wowote wa kawaida, ndiyo maana zinauzwa rahisi hivyo.

Halafu wapo wanaouza hadi diski "mpya kabisa" ya Samsung au Hitachi. Samsung iliiuzia Seagate biashara yake ya hadi diski mwaka 2011, na ya Hitachi ikaenda Western Digital mwaka 2012. Leo watengenezaji ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Piga hesabu mwenyewe upya huo ni wa lini.

Ukishaifunga

Windows itakuuliza MBR au GPT, yaani mtindo wa kuigawa diski. Chagua GPT, maana MBR inaishia TB 2 na sehemu inayozidi hutaiona. Ukiona TB 1 inasoma GB 931 hujaibiwa, ni Windows inavyogawanya kwa 1,024.

Angalia joto wiki ya kwanza. Kwa miji ya pwani, diski iliyobanwa bila upepo hupita nyuzi 50 kirahisi, na feni ndogo mbele yake inatosha. Kama kwako umeme unakatika ovyo, UPS (betri ya akiba) ya bei ya chini ina faida kuliko kuongeza daraja la diski, kwa sababu SSD na hadi diski zote zinaweza kuharibu faili lililokuwa linaandikwa. Na kabla hujatoka dukani, mwambie muuzaji aandike ile namba ya S/N (namba ya pekee ya kila diski) kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "HDD 1" haitakusaidia siku ya kudai dhamana.