Kuripoti matapeli wa simu kwa 15040: uzoefu wangu

Kwa huduma ya bure, 15040 ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) naipa alama za juu, ila wengi wanaiachia njiani. Meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" ikiingia, usiifute. Isambaze kama ilivyo kwenda 15040, nawe utajibiwa uandike namba ya tapeli. Hapo ndipo watu huona kazi imekwisha. Ukisambaza meseji, namba ya aliyekutumia haiendi nayo, hivyo bila jibu lako hakuna laini ya kufungia. Nainakili namba pembeni kwanza, kisha najibu kwa tarakimu zote 10.

Isichofanya ni kukurudishia fedha. Kama umeshatuma, piga 100 ya mtandao wako hapo hapo, kabla mpokeaji hajafika kwa wakala. Na wa "samahani, nimekosea kutuma" usimwamini kwa meseji. Meseji ya kweli ya kupokea hela huja kwa jina la huduma. Yake imetoka namba ya kawaida. Angalia salio mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Hata kama limeongezeka kweli, usirudishe kwa mkono wako, maana ukirudisha naye akaomba muamala urejeshwe, umeliwa. Mwambie apige huduma kwa wateja.

Anayenitia hofu zaidi ni yule anayejiita "huduma kwa wateja" na kukutaka ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani, kisha #. Hiyo inahamishia simu zako zote kwake. Akiomba WhatsApp impigie na kumsomea tarakimu 6 za uthibitisho, anazipokea yeye na akaunti imekwenda. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na ##002# kufuta. Halafu weka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp leo, usingoje kesho.

Truecaller, programu ya kuonyesha jina la anayepiga, naiona inasaidia nusu. Jina linaloonekana hutegemea watumiaji walivyoliandika, na laini mpya ya tapeli haina jina lolote bado.

Na laini mpya hazikauki. Usajili wa alama za vidole upo, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, lakini wapo mawakala wasio waaminifu. Anakwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe cha kwanza kilisoma na sasa anasajili laini nyingine kwa NIDA yako, itakayouzwa kwa tapeli. Dawa yake ni *106#, inayokuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ibonyeze ukiwa bado umesimama mezani kwa wakala. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na NIDA yako uombe iondolewe, kwa sababu ikitapeli mtu, jina litakalotokea ni lako.